Nyumba Inakarabatiwa, Faiba Bado Haijafika Mtaani: Jinsi ya Kuiachia Njia Kabla ya Lipu

Kwenye ukarabati wa nyumba kuna jioni moja ya kuiogopa. Fundi ananawa miguu kwenye ndoo, anakung'uta suruali, kisha anasema kana kwamba ni jambo dogo: "Bosi, kesho tunapiga lipu." Ukijibu "sawa" bila kufikiri, ukuta umefungwa. Chochote ambacho hukukipitisha ndani yake kitakuja kupita juu yake, kwa misumari na vibanio vyeupe, mbele ya wageni.

Mimi ni fundi umeme hapa Dar es Salaam. Miaka kadhaa iliyopita nilimaliza kazi kwa mama mmoja Tabata: taa, swichi, feni, kila kitu. Habari ya intaneti haikutajwa kabisa, maana mtaani kwao hakukuwa na nguzo hata moja yenye waya wa faiba. Haukupita mwaka na nusu, faiba ikafika. Vijana wawili wakaja na ngazi na drili ndefu. Ndani ya saa moja walikuwa wametoboa fremu ya dirisha la sebuleni, wamevusha waya juu ya televisheni wakiugongomelea kwenye skimu mpya, na kisanduku wamekipandisha juu ya friji kwa sababu soketi ilikuwa hapo. Mama hakuwapigia simu wao. Alinipigia mimi. "Mwanangu, si uliniambia umemaliza?"

Wale vijana siwalaumu sana. Walikuwa na nyumba nyingine za kufika siku hiyohiyo, na nyumba yenyewe haikuwaachia pa kupita. Tangu hapo kila mteja wangu anayekarabati namwambia hivi: waya wa faiba usinunue, nunua njia yake. Kampuni itakuja na waya wake, na fundi wao ana kila sababu ya kukataa waya asioujua ulikotoka. Bomba tupu lenye kamba ndani halichagui kampuni. Waje hawa leo, waje wengine baada ya miaka mitano na waya wa aina nyingine, wote watapita humo humo. Na hata faiba isipofika kabisa, bomba hilo litakupitishia waya wa antena ya setilaiti au wa kifaa cha 4G kilichofungwa juu ya paa.

Anza nje ya geti, usianzie sebuleni

Kebo za baharini zilifika Dar zamani, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na mkongo wa taifa umeshafika mikoani. Kilichobaki kwako ni mita thelathini au arobaini za mwisho, kati ya nguzo na kochi lako. Kwa hiyo kabla hujagusa ukuta, toka nje, simama barabarani, tazama juu.

Nyaya za umeme ziko juu kabisa. Ukiona chini yake nyaya nyeusi, nyembamba, zilizozungushwa mduara mahali fulani au zenye kisanduku cheusi kwenye nguzo, hiyo ndiyo faiba. Iko upande gani wa barabara? Jirani aliyekwisha kuunganishwa, waya wake umeingilia wapi? Kama hakuna kitu bado, chukulia kwamba itakuja kwa upande wenye nguzo, au uliza ofisi ya serikali ya mtaa, maana kampuni zikitaka kuchimba mara nyingi hupita hapo kwanza. Kiwanja cha kona kina barabara mbili, basi kiachie midomo miwili. Bomba la pili ni hela ndogo kuliko majuto.

Faiba huingia nyumbani kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya hewani: waya wa kushukia unatoka kwenye nguzo, unafungwa kwenye ndoano karibu na ubao wa pembeni mwa paa, kisha unashuka. Ya pili ni ya ardhini, kutoka kwenye ukuta wa fensi. Kama fensi na uwanja navyo vinakarabatiwa, hasa kama unaweka pevingi, andaa zote mbili. Kama uwanja hauguswi, andaa ya hewani tu na usijisumbue. Ila angalia waya utakapovuka geti: lori la mchanga na boza la maji vipite bila kuugusa.

Chagua kituo

Kituo ni mahali ambapo faiba itaishia na nyaya zote za ndani zitaanzia. Hapo ndipo kitakaa kisanduku cha faiba, kile ambacho mafundi wa kampuni hukiita ONT, pamoja na ruta na siku moja swichi ya mtandao, yaani kisanduku cha kugawa mtandao kwa nyaya nyingi. Watu wengi hukosea hapa kwa kutaka kuficha. Wanasema, "Kiweke darini, kisionekane." Vingi vya visanduku hivi vimetengenezwa kwa mazingira yasiyozidi nyuzi joto 40. Chini ya bati la Dar, saa nane mchana mwezi wa Februari, dari inapita hapo bila shida. Ongeza panya, kisha ongeza ukweli kwamba kila kisanduku kikigoma utapanda ngazi kukizima na kukiwasha.

Kosa la pili ni kukiweka kwenye kabati la chuma pamoja na ruta. Chuma kinaziba Wi-Fi kama sufuria inavyofunika ugali. Kosa la tatu ni jikoni, au ukuta wa bafu. La nne ni kukibananisha na meni swichi. Acha nafasi, na hata hivyo fundi wa intaneti hapaswi kufungua chochote chenye umeme wa volti 230 ili afanye kazi yake.

Mimi hupenda korido, au kona ya sebule iliyo upande wa barabara, kimo cha kifua cha mtu mzima. Stoo inafaa kama mlango wake una matundu ya hewa. Acha eneo la ukuta la upana wa sentimita 40 na urefu wa 60 lisilowekwa kitu kingine, na soketi mbili za pacha pembeni yake. Soketi moja haitoshi: kisanduku kina adapta yake, ruta ina yake, na kinasa picha cha kamera kitakuja baadaye.

Hapa kuna mvutano mmoja. Wi-Fi inataka kukaa katikati ya nyumba, faiba inataka iishie karibu na barabara. Usizilazimishe kukaa pamoja. Weka kituo pale ambapo vifaa vitakuwa salama, kisha tupa waya wa mtandao kutoka kituoni hadi dari ya katikati, hapo ndipo utafunga kisambaza Wi-Fi. Nyumba ya ghorofa iwe na sehemu hiyo kila ghorofa, maana slabu yenye nondo hudhoofisha mawimbi vibaya, na ile Wi-Fi ya kasi ya 5 GHz ndiyo inayoumia zaidi kuliko ile ya 2.4.

Bomba la faiba, mita kwa mita

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndipo nitakapokaa kwa muda.

Ndani ya nyumba tumia bomba la waya la milimita 25, si lile la 20 linalotumika kwenye taa. Kutoka kwenye fensi hadi kwenye nyumba tumia 32 au 40. Utaniuliza kwa nini, wakati waya wa faiba wa kushukia ni bapa la milimita 2 kwa 3 tu. Sababu ni kichwa chake. Waya mwingi huja ukiwa umeshafungwa kichwa kiwandani, kigumu, upana wake unakaribia sentimita moja, na kichwa hicho kikifika kwenye kona kali kinagoma. Fundi akivuta kwa nguvu, uzi wa kioo unaobeba mwanga wa intaneti unakatika ndani na kwa nje huoni kitu.

Kioo chenyewe, pamoja na tabaka lake la nje la kioo, kina unene wa milimita 0.125. Faiba ya zamani ya aina ya G.652 haitaki kukunjwa kwa nusu kipenyo kilicho chini ya milimita 30. Hizi za G.657 zinazotumika majumbani zinavumilia zaidi, daraja lake la A1 hadi milimita 10 na la A2 hadi 7.5. Usitegemee uvumilivu huo. Hujui watakuja na ipi, na kona ya kununua dukani, ile elbo ya digrii 90, ni adui wa kichwa hata kama kioo chenyewe kingesalimika. Pinda bomba lenyewe kwa springi ya kupindia, au lijaze mchanga mkavu, ulipashe moto taratibu, ulipinde liwe na tao pana. Kati ya mdomo mmoja na mwingine zisizidi kona mbili. Ikilazimika kuwa na ya tatu, weka boksi la kuvutia katikati, lenye mfuniko utakaoonekana baada ya lipu. Boksi lililozikwa chini ya lipu si boksi, ni fumbo.

Ardhini usizike bomba jepesi la umeme. Bomba jeusi la maji, lile linalouzwa kwa mzingo, linafaa sana: halina viungo njiani na tao lake ni pana lenyewe. Lizike sentimita 45 kwenye bustani, 60 pale gari linapopita, na juu yake kidogo, kabla ya kumaliza kufukia, laza utepe wa rangi kali. Utepe huo ni kwa ajili ya fundi bomba wa miaka ijayo, ambaye akiliona bomba jeusi atadhani ni la maji na atalikata kwa moyo mweupe.

Maji ya mvua yanajua njia zote. Mdomo wa bomba ulio nje utazame chini, na bomba linapopenya ukuta liwe na mteremko mdogo kuelekea nje. Siku waya utakapoingizwa, uning'inie tumbo kidogo chini ya mdomo kabla ya kupanda, ili matone yadondokee hapo yasiufuate waya hadi sebuleni. Mdomo wenyewe uzibe kwa sponji na silikoni kidogo, kiasi cha kung'oleka kwa mkono. Ukiuacha wazi, sisimizi watahamia kabla ya kampuni.

Sasa kamba. Weka kamba ya nailoni. Katani itaoza, na waya wa kufungia nondo utashika kutu na kunasa. Njia rahisi ni kuipitisha kipande kwa kipande wakati mabomba yanaunganishwa. Lakini angalia gundi: gundi ya bomba ikimwagikia ndani, kamba itaganda hapo, na utagundua siku ambayo ukuta umeshapakwa rangi. Baada ya kila kiungo ivute kamba mbele na nyuma mpaka gundi ikauke. Kama bomba limeshaunganishwa lote, funga kipande cha mfuko wa nailoni kwenye ncha ya uzi mwembamba, weka mashine ya kufyonza vumbi mdomo wa pili, uzi utakuja mbio. Kisha vutia kamba kwa uzi huo. Acha mita moja kila upande na uifunge kwenye kipande cha mti kisichoweza kuingia bombani, la sivyo saidia fundi mmoja ataivuta kwa udadisi ikaja yote.

Kabla ya lipu, fanya jaribio. Funga kwenye kamba kipande cha mti chenye unene wa kidole gumba, kikiwa kimefungwa na kamba nyingine ya kukirudishia, na ukivute toka mwanzo hadi mwisho. Kikipita bila kubembelezwa, faiba itapita. Kikikwama, tindua hapo sasa hivi, ukuta ungali na vumbi.

Kutindua bila kuumiza nyumba

Tofali la inchi sita lina milimita 150. Kanuni ninayoifuata ni kwamba mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na wa ulalo usizidi sehemu moja ya sita. Piga hesabu: wima unaruhusu milimita 50, ulalo 25 tu. Bomba la 25 pamoja na lipu ya kulifunika halikai kwenye mfereji wa ulalo. Kwa hiyo panda wima hadi darini, tembea darini, shuka wima mahali unapopataka. Kata kingo mbili kwa grainda, katikati umalizie na tindo. Lenta na nguzo za zege usiziguse. Nimekuta nondo zimekatwa ili kupitisha waya wa kengele ya mlangoni, na mwenye nyumba hakuwa na habari.

Ukuta wa mawe ya matumbawe, kama zile nyumba za zamani za Unguja, una tabia yake: mawe hayana mpangilio na udongo wa chokaa unamomonyoka. Huko usichonge mfereji kabisa. Tumia trankingi, ile njia ya plastiki yenye mfuniko, ya juu ya ukuta iliyofuata kona na boriti, na kwa Mji Mkongwe, ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, uliza mamlaka kwanza kabla hujatoboa ukuta wa nje.

Darini, bomba lifungwe kwenye mbao za kenchi, lisilale juu ya jipsamu. Na lisipite pamoja na nyaya za umeme. Kioo hakisumbuliwi na umeme, hilo ni kweli, lakini mtu anayekivuta anasumbuliwa. Bomba la faiba na data liwe peke yake, boksi lake liwe peke yake.

Nyaya za ndani: hizi ndizo za kuzinunua

Nilisema waya wa faiba usinunue. Wa mtandao wa ndani ni habari nyingine, huo ni wako na uwekwe sasa. Waya wa aina ya Cat6 unatosha nyumba ya kawaida: unabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na gigabiti 10 kwa umbali wa hadi mita 55 hivi. Hakuna korido ya Kimara yenye mita 55. Cat6A ni nene, ngumu kupinda, na kwa nyumba ya vyumba vinne sioni sababu ya kuilipia.

Peleka nyaya mbili nyuma ya televisheni, mbili kwenye dawati la kazi au la watoto kusomea, mmoja kwenye kila sehemu ya Wi-Fi darini, mmoja kila kona ya nje itakayowekwa kamera, na mmoja getini. Kila waya uondoke kituoni moja kwa moja hadi mwisho wake. Usiurukishe kutoka soketi moja hadi nyingine kama tunavyofanya kwa soketi za umeme. Mafundi wa umeme tunaipenda tabia hiyo na mtandao hauitaki. Vyumba ambavyo huna uhakika navyo vipe bomba tupu na kamba, mdomo uufunike kwa kifuniko cheupe. Bomba la 20 hubeba nyaya tatu za Cat6 kwa raha, la 25 hubeba nne hadi tano. Ukijaza zaidi, siku ya kuongeza mmoja utazivuta zote.

Dukani jihadhari. Kuna waya unaouzwa kwa jina la Cat6 ambao ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Boksi lake ni jepesi kuliko kawaida. Omba kipande, kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Waya huo unakatika ukiukunja mara chache, na ukiutumia kupeleka umeme wa kamera kupitia waya huohuo wa mtandao, volti zinapotea njiani na waya unapata joto.

Wakati wa kuvuta, usizidishe nguvu ya kubeba ndoo ya lita 10. Pale unapokwenda sambamba na waya wa umeme acha sentimita 20. Zikilazimika kuvukana, zivukane kama njia panda, kwa pembe mraba. Kwenye soketi zifungwe nyuzi zote nane, na msokoto wa kila jozi usifunguliwe zaidi ya milimita 13. Fundi mvivu hufunga nne kwa sababu "inafanya kazi". Inafanya kweli, kwa megabiti 100, na siku utakapolipia kifurushi kikubwa zaidi utadhani kampuni inakuibia. Pande zote mbili zifuate mpangilio mmoja. Mimi hutumia ule uitwao B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Kile kipimo kidogo chenye taa nane kinakuambia tu kwamba nyuzi zimeshikana. Baada ya hapo chomeka kompyuta kila soketi, upande wa pili uchomekwe kwenye swichi ya gigabiti, uangalie kama inaandika gigabiti 1. Ikiandika 100, fungua soketi hiyo upya kabla hujamlipa fundi.

Nyumba nyingi zina banda la uani au duka mbele. Kati ya jengo na jengo usipitishe waya wa shaba, hasa kwa ndugu zetu wa Kagera na ukanda mzima wa Ziwa ambako radi si hadithi. Zika bomba tupu la 32 na siku ukihitaji upitishe faiba fupi. Kioo hakibebi radi.

Umeme unapokatika

Hapa faiba ina jambo zuri ambalo wengi hawalijui. Katika mfumo wa GPON, unaotumika sana majumbani, kile kigawanyishi cha juu ya nguzo kinachogawa mwanga kwa nyumba 32 au 64 hakitumii umeme hata kidogo. Mtaa mzima ukizimika, mwanga unaendelea kufika mlangoni kwako, mradi kituo cha kampuni kina jenereta au betri. Kinachokufa ni kisanduku chako tu.

Kwa hiyo pale kituoni acha nafasi ya betri. Kisanduku na ruta kwa pamoja mara nyingi havizidi wati 20. Betri ya volti 12, amp-saa 7, ina wati-saa 84. Ukiitumia nusu ili isife mapema, umepata saa mbili. Vile vi-UPS vidogo vinavyotoa volti 12 moja kwa moja ni bora kuliko kugeuza umeme wa betri uwe 230 halafu adapta iurudishe 12. Soma adapta kwanza, zipo za volti 5 na 9. Na kama nyumba ina inveta au sola, mwambie fundi soketi za kituo aziweke kwenye mstari wa inveta. Ni waya mmoja, lakini baada ya lipu hauingii tena. Kazi hii ya soketi aifanye fundi mwenye leseni ya EWURA. Hapa sijipigii debe, au labda kidogo.

Kama nyumba ni ya kupangisha

Wapangaji wanne ni mikataba minne. Weka boksi moja kubwa la nje, lisiloingia maji, ukutani upande wa barabara, na kutoka hapo kila mpangaji apate bomba lake la 25 hadi ndani kwake. Usipitishe njia ya mpangaji mmoja chumbani kwa mwingine. Andika namba ya chumba kwenye kila mdomo. Basi.

Ile jioni yenyewe

Fundi akisema kesho lipu, mwambie, "Nipe nusu saa." Pita chumba kwa chumba na simu na futi. Kila ukuta upige picha futi ikiwa imenyooshwa: moja kutoka sakafuni, moja kutoka kona. Piga kwa mbele, si kwa ubavu. Zitume kwa mwenzako na kwako mwenyewe kwenye barua pepe, kwa sababu simu hupotea na nyumba inabaki. Ziba midomo yote kwa karatasi ngumu na solotepu. Lipu mbichi ikiingia bombani itakauka kama kizibo. Hesabu kamba. Kila bomba liwe na kamba yake inayosogea ukiivuta. Baada ya hapo mruhusu.

Siku faiba inapofika

Inaweza kuwa mwaka kesho, inaweza kuwa baada ya mitano. Mpokee fundi wao, mpe maji ya kunywa, kisha kabla hajashusha drili mwonyeshe mdomo wa bomba. Wengi hufurahi, umewaokolea saa nzima.

Waya wa kushukia wa hewani huwa na uzi wa chuma wa kuubeba. Uzi huo uishie kwenye ndoano ya nje, usiingie ndani ya nyumba, kwa sababu chuma, tofauti na kioo, kinabeba radi. Ndani, akuachie mita moja au mbili za ziada, zikunjwe kwa mduara wa kisosi cha chai, zisibanwe. Kichwa cha kijani kiingie kwenye tundu la kijani. Cha kijani kimekatwa kwa mshazari wa digrii 8, cha bluu hakina mshazari huo. Ukivichanganya mwanga unapotea hapo hapo. Watoto wasichungulie ncha ya waya: mwanga wake hauonekani kwa macho lakini upo.

Kisha mwombe akuonyeshe kipimo chake cha mwanga kabla hajaondoka. Namba huwa hasi. Hasi 18 hadi hasi 23 ni nzuri. Ikifika hasi 27 uko ukingoni, na mvua au kichwa chenye vumbi kitakuzimia. Akisema "ni kawaida tu", mwombe asafishe vichwa apime tena, aangalie kama kuna mahali waya umebanwa. Mara nyingi inapanda. Namba ya mwisho iandike kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mfuniko wa boksi pamoja na tarehe. Siku taa nyekundu ya LOS, ile ya kuonyesha kwamba mwanga haufiki, ikianza kumwekamweka, utakuwa na cha kulinganisha na fundi atakayekuja hatakuambia mambo kwa kubahatisha.

Na wakati anavuta waya wake kwa kamba yako, mpe kamba nyingine mpya aifunge pembeni ya waya, ziingie pamoja. Wengi husahau hapo: waya unaingia, kamba inatoka, na bomba linabaki bila ya kuvutia mwingine.